Chuma cha Simiti

Vyuma vya dukani ni ghali, na jimu nyingi za Eastlands, Nairobi, hazikuvisubiri. Kayole, Dandora, Umoja: paa la mabati, kioo kilichopasuka, na vyuma vilivyoundwa papo hapo kwa mikebe ya rangi ya lita nne, simiti, mchanga, kokoto na kipande cha paipu.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Kwanza misumari miwili mikubwa huchomelewa mtambuka kwenye ncha ya paipu, mkebe usije ukachomoka mtu akiwa ameuinua juu ya kifua. Kisha huchanganywa kipimo kimoja cha simiti, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto. Maji ni ya kuhesabu, maana yakizidi zege hudhoofu. Paipu husimamishwa kwa pima maji. Ikiinama kidogo tu, kifundo kimoja cha mkono ndicho kitakacholipa. Upande wa pili hungoja wa kwanza ugande, halafu mikebe hufunikwa gunia bichi kwa wiki nzima. Wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Mwenye pupa huvuna nyufa. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi, kwa hiyo mkebe mmoja hukaribia kilo kumi.

Mwili nao hukomaa kwa mwendo huo huo. Wiki za kwanza nguvu huongezeka kabla misuli haijajaa, kwa kuwa neva ndizo zinazojifunza kuiamrisha. Kano huchelewa zaidi. Ndiyo maana mgeni hukatazwa mkebe mkubwa hata akijiona anauweza. Huanza na pushapu na kuchuchumaa, kisha paipu tupu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa anayeanza zinatosha.

Kudumu ndiko kugumu. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66. Kuna aliyehitaji 18, na mwingine alikadiriwa 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Dhidi ya kukata tamaa, Eastlands ina kinga yake: watu. Ndivyo ilivyokuwa hata katika klabu ya ngumi ya Dallas, Muthurwa, alikotokea Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki ya Seoul mwaka 1988: mazoezi yalikuwa ya kundi. Asiyeonekana jimu Jumanne huulizwa Jumatano kwenye steji ya matatu, mbele ya abiria, na akisema alichoka, makanga ndiye wa kwanza kucheka.