Kachumbari Haina Pa Kujificha

Moto humsitiri mpishi. Mchuzi uliozidi chumvi huongezwa tui, nyama ngumu hurudishwa jikoni, na kitunguu kilichokatwa ovyo huyeyuka ndani ya rojo hata mlaji asijue kilikuwa na umbo gani. Kachumbari haina sitara hiyo. Kila kisu kilipopita panaonekana. Ndiyo maana nikialikwa mahali, naionja kachumbari kabla sijagusa pilau. Hiyo ndiyo inayoniambia jikoni yupo nani.

Wakati wake hasa ni kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Tanga, Dar es Salaam na Mombasa haliondoki hata usiku, na hamu ya vyakula vizito huisha yenyewe. Mlo wa mchana unakuwa kibua au changu wa kuchoma, muhogo au wali, na bakuli kubwa la kitu kibichi chenye uchachu. Msimu mwingine kachumbari hukaa pembeni ya sahani. Kaskazi ikivuma, samaki ndiye anayesogezwa pembeni.

Shangazi yangu wa Tanga huanza na kitunguu maji cha zambarau, kigumu, shingo yake imekauka kabisa. Kwanza hunoa kisu kwenye kitako cha kikombe cha udongo, mara chache tu, kwenda na kurudi. Kisha hukipasua kitunguu kutoka kichwani hadi kwenye mizizi, hulaza upande bapa juu ya ubao, na hukata akifuata nyuzi zake. Hakimbizi kisu. Vipande vinaanguka vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, na vyote vina unene mmoja.

Kunoa huko kuna maana yake. Ukali wa kitunguu huzaliwa pale seli zake zinapopasuka na vitu vilivyokuwa vimetengana vikakutana. Ndipo salfa inapofumuka na macho yakaanza kutiririka. Kisu butu huzisaga seli, kisu kikali huzipita. Tena anayekata kwa kufuata nyuzi hupasua seli chache kuliko anayekata pete. Shangazi hajapata kulieleza hivyo. Yeye husema tu kwamba kitunguu kikiteswa kinalipiza.

Baadaye hunyunyiza chumvi, hugeuzageuza kwa vidole, na huacha kwa muda wa dakika kumi hivi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya kitunguu, na sehemu ya ukali hutoka nayo. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: tunakifikicha kama tunafua shuka, kinalegea, na tunachopakua ni nyuzi zisizo na ladha. Yeye hukisuuza kwa maji safi mara mbili, hukikamua kwa kiganja bila kukiumiza, kisha hukionja. Kinatakiwa kiwe kimepoa ukali lakini bado kinalia ukikitafuna. Ndipo hukikamulia ndimu. Uchachu ukishaingia, zambarau ile hugeuka waridi, na rangi hiyo ndiyo saa yake: kitunguu kikishaona haya, hatua inayofuata inaruhusiwa.

Pilipili mbuzi hufuata. Moto wake haukai zaidi kwenye mbegu, kama wengi wanavyodhani, bali kwenye utando mweupe unaozishika. Wakiwepo watoto mezani, shangazi huondoa utando wote na kukata ganda peke yake, nyembamba kama kucha. Harufu ya pilipili inabaki, machozi yanakwenda jalalani. Zikiwepo embe bichi zilizoangushwa na upepo, humenya moja, huikata vijiti vyembamba, na hupunguza ndimu kwa kadiri ya uchachu wa embe. Tango likiwa limekomaa hulichota mbegu kwa kijiko, maana hapo ndipo penye maji mengi.

Nyanya hungoja hadi karibu na mwisho. Huzichagua zilizoiva lakini ngumu, na haziweki kwenye friji, kwa sababu baridi huua harufu ya nyanya. Nchini Tanzania kuna wanaoapa kwa nyanya za Ilula mkoani Iringa; Wakenya nao watakutajia Loitokitok. Popote zilipotoka, hazikatwi mapema. Nyanya ikishakutana na chumvi huanza kutoa maji, na kachumbari iliyokaa muda mrefu ni supu baridi. Kwa hiyo shangazi hukata nyanya wageni wanaponawa mikono. Hatupi ute unaozunguka mbegu, kwa kuwa ladha na uchachu mwingi umo humo. Mwishoni huingia giligilani, vijiti vyake vimekatwa vidogo na majani yamechanwa kwa mkono. Kisha chumvi kidogo, na bakuli hugeuzwa kutoka chini kuja juu mara tatu au nne. Zaidi ya hapo ni kuponda.

Si kila kachumbari inafuata njia hii, wala haipaswi. Kwenye nyama choma za Nairobi nyanya na vitunguu hukatwa vipande vidogo vya pembe nne, na vinafaa, maana huchukuliwa kwa vidole pamoja na nyama na ugali. Wauza chipsi wa Dar es Salaam hutia kabichi nyingi. Nimewasikia watu wakiicheka kabichi hiyo, lakini kabichi hustahimili saa kadhaa bila kulowa; kwa mtu anayeuza kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, hiyo ni akili.

Kuna na sehemu ya kazi hii ambayo hakuna mlaji atakayeisifu. Kipindupindu kinapozuka, maofisa wa afya huonya juu ya kachumbari, na wana haki: hakuna moto uliopita hapo kuua kitu. Ndimu na chumvi hazifanyi kazi ya maji safi. Shangazi huosha kila kitu kabla ya kukimenya, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ubao wa samaki haukutani kamwe na ubao wa mboga. Ustadi wote wa kisu ungekuwa bure kama hatua hii ingerukwa.

Kachumbari iliyokamilika ina uhai wa nusu saa, labda pungufu. Haiwekwi kiporo, haiandaliwi usiku kwa ajili ya kesho. Kila mchana aliyeiweza jana analazimika kuiweza tena, na kitunguu cha leo si cha jana: kimoja kina maji, kingine ni kikali, ndimu nazo hazilingani. Hapo kipimo cha kijiko hakisaidii sana. Kinachosaidia ni kuonja kila hatua, na kukubali kungoja pale panapotaka kungojwa.

Anayetaka kujifunza asianze na bakuli zima. Achukue kitunguu kimoja, nusu aikate pete, nusu aikate kwa kufuata nyuzi, kisha aonje huku na huku. Ulimi utamfundisha kabla hajafika kwenye nyanya.