Shali ya Nani Kiunoni mwa Yesu?

Ukiutazama haraka haraka, mchoro wa Marc Chagall uitwao White Crucifixion unafanana na picha yoyote ya Ijumaa Kuu: mtu kawambwa msalabani, kichwa kimeinama, mwanga umemshukia. Halafu unacheki kiunoni. Kile kitambaa si cha hivi hivi. Ni shali ya sala ya Kiyahudi, nyeupe yenye milia myeusi. Chini ya zile herufi INRI kuna maandishi kwa herufi za Kiebrania. Miguuni pake kuna kinara cha mishumaa. Chagall, Myahudi wa Vitebsk, mji ulio Belarus ya leo, anasema wazi kitu ambacho kalenda zetu za ukutani zimekificha miaka yote: huyu jamaa alikuwa Myahudi.

Mchoro wenyewe uko Chicago. Mimi nimeukuza tu kwenye simu mpaka macho yakauma. Wakristo wengi wanaupenda. Papa Francis aliutaja kati ya michoro aliyoipenda zaidi. Wanasema ni mchoro wa upatanisho. Mimi naona ni mchoro wa ugomvi, na ugomvi huo ndio uzuri wake.

Angalia yanayoendelea pembeni. Kushoto kuna wanajeshi wenye bendera nyekundu, nyumba zimepinduka, nyingine zinawaka. Kulia sinagogi linaungua. Kuna mashua imejaa wakimbizi. Chini mama kakumbatia mtoto, mzee ana kibao kifuani, mwingine anatoroka na gunia mgongoni. Chagall aliuchora Ufaransa mwaka 1938, mwaka uleule masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa usiku wa tarehe 9 Novemba. Na hapa ndipo panapouma: chini ya msalaba hakuna Maria, hakuna mwanafunzi, hakuna anayemlilia. Kila mtu anaokoa roho yake. Ngazi imeegemezwa msalabani, lakini hakuna anayeipanda kumshusha.

Kiswahili kina maneno mawili kwa cheo kimoja. Masihi limetufikia kupitia Kiarabu, Kristo kutoka Kigiriki, na yote mawili maana yake ni aliyepakwa mafuta, yaani mfalme. Lakini Kristo tumelizoea mpaka limekuwa kama jina la ukoo. Kwa Myahudi, Masihi bado ni kazi. Maimonides, mwanachuoni wa karne ya 12, aliiandika kazi hiyo bila kuzunguka: ajenge Hekalu, awakusanye watu wake waliotawanyika. Akiuawa kabla ya kumaliza, basi siye. Kwa hivyo ile hadithi ya sande skul, ati Wayahudi walimkataa Yesu kwa ukaidi tu, haisimami. Bar Kokhba aliungwa mkono na Rabi Akiva mwenyewe, na alipouawa mwaka 135, madai yake yalizikwa naye. Kipimo ni kilekile.

Mkristo atajibu kwamba kifo ndicho kilikuwa kazi yenyewe, na yaliyobaki yatakamilika akirudi. Kila upande una hoja yake. Chagall anaziweka zote kwenye turubai moja, halafu anakataa kuamua. Mwanga unamshukia Yesu, sawa, lakini sinagogi linaendelea kuungua. Mkristo anaona Mungu akiteseka pamoja na watu wake. Myahudi ana haki ya kuuliza: kama Masihi keshakuja, huu moto ni wa nini?

Kuna lawama moja siwezi kuiruka. Msalaba ndio alama waliyoibeba wengi wa waliowatesa Wayahudi. Ghasia za Kishinev za mwaka 1903 zilianza Jumapili ya Pasaka. (Miezi michache baadaye Waingereza wakapendekeza kuwapa Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, na wenyeji hawakuulizwa.) Sasa Myahudi anachoraje uchungu wa watu wake kwa alama hiyo? Si ni kama kumwomba Mkristo huruma kwa lugha yake? Lawama hii ina uzito, lakini naona ile shali inaijibu. Chagall hakuazima Yesu wa mtu. Alikuja kuchukua wa kwao.

Pale anaponiangusha ni kwenye kile kibao cha mzee. Mwanzoni kilikuwa na maneno ya Kijerumani, "mimi ni Myahudi". Baadaye Chagall akayafunika kwa rangi. Sasa mzee anaweza kuwa mtu yeyote, na mtazamaji ameachiwa mlango wa kutorokea: aseme tu kwamba ni mchoro wa mateso ya binadamu, basi yaishe.

Huo mlango tunaujua vizuri hapa Nairobi. Kuna pasta anapuliza pembe ya kondoo madhabahuni, amejitanda shali ya sala, bendera ya Israeli iko nyuma yake. Sinagogi liko University Way, tunalipita na matatu, na wengi hatujawahi kujiuliza wanaosali mle wanaamini nini. Tunaipenda shali. Mwenye shali tunamtaka akiwa kwenye hadithi yetu tu, akisubiri kukiri kwamba sisi ndio tulikuwa sahihi.

Hutalazimika kubadilisha imani yako kwa sababu ya mchoro huu. Mimi unachonidai ni kidogo, ila ni kigumu zaidi: niamini ninachoamini bila kumgeuza jirani yangu kuwa ushahidi wangu.