Amplifaya ya O2 na Mahali pa Volyumu

Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy alitoa kwa umma amplifaya ndogo ya hedifoni iitwayo Objective2, kwa kifupi O2. Alitoa kila kitu: mchoro wa saketi, orodha ya vipuri, mpangilio wa bodi, na vipimo alivyovichukua kwa dScope Series III, mtambo wa Prism Sound wa kupimia vyombo vya sauti. Leseni aliyoiwekea ilimruhusu mtu yeyote kuiunda na hata kuiuza, mradi asiubadili usanifu wenyewe. Mwaka uliofuata akanyamaza, bila kuwahi kujitambulisha kwa jina lake halisi. Makampuni madogo, JDS Labs ya Marekani ikiwemo, yaliendelea kuiuza ikiwa imekamilika.

Uwazi huo ndio unaonifanya niichague O2 ninapotaka kueleza jinsi amplifaya ya bei nafuu ya kusikilizia nyumbani inavyopaswa kupimwa. Amplifaya nyingi unauziwa kasha, taa ya mbele na karatasi ya sifa. Kilichomo ndani hukijui. Hii unaweza kuifuata kuanzia tundu la kuingizia mpaka tundu la hedifoni. Na ukiifuata, utaona kwamba ubora wake haukununuliwa kwa vipuri vya kifahari. Umetokana na maamuzi machache ya mpangilio, na kubwa kuliko yote ni pale volyumu ilipowekwa.

Nianze lakini na nguvu, maana ndiko wanunuzi wanakopotezwa zaidi. Chukua hedifoni ya omu 300 inayotoa desibeli 97 kwa miliwati 1. Ili vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango ambacho sikio halipaswi kukaa nacho kwa muda mrefu, inahitaji miliwati 20. Ni kidogo mno. Ila kwa kuwa ukinzani wake ni mkubwa, miliwati hizo 20 zinadai volti 2.45, na hapo ndipo simu inaposhindwa. Adapta nyingi ndogo za USB-C zinazochomekwa kwenye simu hutoa volti 1 hivi. Volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3.3, sawa na desibeli 102. Msikilizaji atalalamika kwamba hedifoni yake inasinzia, na yuko sahihi, lakini kilichopungua ni volti, kwa hiyo kumuuzia amplifaya iliyotangazwa kwa wingi wa wati tu ni kumpa jibu la swali jingine.

O2 ikiwa kwenye umeme wa ukutani hutoa volti 7 na ushee. Kwenye hedifoni ile ya omu 300 hiyo ni zaidi ya miliwati 160, desibeli 119, yaani akiba ya desibeli 9 juu ya kile kilele tulichojiwekea. Ukiweka hedifoni ya omu 33, mambo yanageuka. Volti 7 zingedai mkondo wa zaidi ya miliampia 200, na aisii za O2 haziwezi kuutoa. Volti zinashuka mpaka 4.5 hivi na nguvu inakuwa karibu miliwati 600. Bado ni nyingi kupita mahitaji ya hedifoni za kawaida za ukinzani huo. Ndiyo maana tangazo linalosema "wati 2" bila kutaja omu ngapi halijasema kitu. Amplifaya yoyote ina mipaka miwili, wa volti na wa mkondo, na hedifoni yako ndiyo inayoamua utagonga upi kwanza.

Mkondo huo unatoka kwenye aisii aina ya NJM4556A, ya kampuni ya Japani ya JRC, ambayo wakati O2 inatolewa haikufika dola moja. Ndani ya kila aisii mna opampu mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa miliampia 70. NwAvGuy alizifunga zote mbili zifanye kazi ya upande mmoja wa sauti, kila moja ikipitia rezista yake ya omu 1 kabla hazijakutana. Rezista hizo zinazigawia opampu mzigo ili moja isiisukume nyingine. Na kwa kuwa omu 1 mbili zikiwa sambamba ni nusu omu, ukinzani wa kutoa wa amplifaya nzima unabaki omu 0.5.

Namba hiyo ndogo ina uzito kuliko mistari mingi ya karatasi ya sifa. Ukinzani wa hedifoni haukai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti. Iyafoni yenye spika kadhaa ndani yake inaweza kuwa na omu 8 kwenye masafa fulani na 40 kwenye mengine. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye ukinzani wa kutoa wa omu 10, masafa yale ya omu 40 yatapata sauti kubwa kwa takriban desibeli 5 kuliko yale ya omu 8. Hiyo ni iyafoni nyingine kabisa, siyo uliyoinunua. Kwenye omu 0.5 tofauti inashuka hadi desibeli 0.4. Kanuni aliyoitetea NwAvGuy ni kwamba ukinzani wa kutoa usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, nami naiona ni kanuni ya busara.

Yapo mazingira ambapo kanuni hiyo huvunjwa na watu wakafurahi. Kiwango cha kimataifa cha zamani kilipendekeza omu 120, na amplifaya kadhaa za valvu bado zina ukinzani mkubwa. Hedifoni ya omu 300 ambayo kwenye besi inapanda hadi 500, ikikutana na omu 120, itaongezewa besi kwa desibeli 1 hivi. Wengi huisifia hiyo kama joto la valvu. Sina ugomvi na anayeipenda, ila ajue anasikia hesabu ya kugawana volti, na kwamba angeweza kuipata bure kwa kupandisha besi kidogo kwenye programu yake ya muziki.

Sasa volyumu. Katika amplifaya nyingi, sauti ikiingia hupita kwanza kwenye volyumu, halafu ndiyo ikuzwe. Ni mpangilio salama na mafundi wameuzoea. Tatizo lake ni kelele. Opampu inayokuza ina kelele yake ya asili, na ikishakaa baada ya volyumu, kelele hiyo inafika masikioni ikiwa vilevile hata ukipunguza sauti hadi chini kabisa. Juu ya hapo, volyumu yenyewe ni rezista, na kila rezista huzaa kelele kutokana na joto lake. Volyumu ya kiloomu 50 iliyozungushwa mpaka pale inapokata volti nusu huzaa takriban mikrovolti 2 katika upana wa masafa tunayosikia. Izidishe mara 6.5 kwenye hatua ya kukuza inayofuata, unapata mikrovolti 13.

O2 inapindua mpangilio huo. Sauti ikiingia inakuzwa kwanza na NJM2068, opampu yenye kelele ndogo, kisha inapita kwenye volyumu ya kiloomu 10, kisha inafika kwenye NJM4556A ambazo hazikuzi volti hata kidogo. Kazi yao ni kutoa mkondo tu. Volyumu hii, ikiwa pale pale pa nusu, huzaa chini ya mikrovolti 1, na baada yake hakuna cha kuizidisha. Na kelele ya hatua ya kukuza inapungua pamoja na muziki kila unapopunguza sauti. Kwa vipuri vile vile vya senti kadhaa, usiku wa manane ukisikiliza kwa sauti ndogo, unapata utulivu ambao mpangilio wa kwanza ungeudai kwa opampu ghali.

Je, mikrovolti hizi zinasikika? Kwa hedifoni kubwa za omu 300, hapana. Kwa iyafoni ya omu 16 inayotoa desibeli 115 kwa miliwati 1, ndiyo: mikrovolti 10 za kelele zinakuwa sauti ya desibeli 33 hivi, mvumo unaosikika chumba kikiwa kimya, ilhali mikrovolti 2 ni desibeli 19, ambazo kelele za nyumba yoyote ya mjini zitazimeza.

Uamuzi huo una gharama yake, na wauzaji wengi hawaielezi vya kutosha. Kwa kuwa kukuza kunatangulia, volyumu haiwezi kuikinga hatua ya kwanza dhidi ya ishara kubwa. O2 ya kawaida ilikuja na kitufe cha viwango viwili vya kukuza, mara 2.5 na mara 6.5. Kicheza CD au kigeuzi cha dijitali cha mezani kwa kawaida hutoa volti 2. Mara 2.5 inakuwa volti 5, hakuna shida. Mara 6.5 ni volti 13, wakati saketi inaishia volti 7. Vilele vinakatwa na muziki unakwaruza hata kama volyumu umeishusha karibu na sifuri. Mtu asiyejua atailaumu hedifoni au wimbo. Ukiwa na chanzo cha volti 2, kiwango cha juu usikiguse. Ukitaka kukitumia, chanzo chako kisizidi volti 1 hivi.

Mipaka hiyo ya volti 7 inatoka kwenye usambazaji wa umeme, sehemu ninayoiheshimu sana katika kazi hii. Opampu zinataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi. Njia ya kawaida ingedai transfoma yenye waya wa katikati. O2 inatumia adapta ya kawaida inayotoa AC: nusu ya kwanza ya kila wimbi inapita kwenye diodi moja na kujaza kapasita za upande chanya, nusu ya pili inajaza za upande hasi, kisha regyuleta 7812 na 7912, ambazo fundi yeyote wa redio anazo kwenye droo, zinasawazisha kila upande kwenye volti 12. Vilevile inachukua betri mbili za volti 9. Hapo kuna mlinzi: betri moja ikichoka kabla ya nyingine, opampu zingeweza kusukuma DC kwenye hedifoni na kuziunguza. Saketi ya ulinganishi inaangalia jumla ya betri na kuzima pande zote mbili kwa pamoja kupitia transista aina ya MOSFET. Kwa amplifaya ya bei hii, ulinzi wa namna hiyo ni uungwana kwa mnunuzi.

Wapo waliong'oa opampu hizi na kuchomeka za bei kubwa, wakidai sauti imefunguka. Siwezi kuunga mkono hilo. NJM4556A imechaguliwa kwa mkondo wake, na opampu nyingi zinazosifiwa hazifikii miliampia 70. Ukizichomeka pale unapunguza uwezo kwa hedifoni za omu ndogo. Isitoshe, asilimia kubwa ya ulinganishaji huo hufanywa bila kusawazisha sauti. Amplifaya iliyo juu kwa sehemu ndogo ya desibeli huonekana nzuri zaidi, wala sikio halikwambii kwamba tofauti ni ukubwa wa sauti tu.

Kusawazisha si kazi ngumu. Cheza mlio wa hezi 100, maana maltimita za bei ndogo hupima vizuri masafa ya chini kuliko ya juu. Hedifoni ikiwa imechomekwa, pima volti za AC kwenye njia ya kutokea ya amplifaya ya kwanza, kisha ya pili, ukirekebisha volyumu mpaka tofauti isizidi asilimia 1, ambayo ni takriban desibeli 0.1. Halafu mwombe mtu abadilishe waya bila wewe kuona. Ikiwa huwezi kuzitambua kwa kurudia rudia, ile ya bei ndogo imekutosha.

Mezani, O2 inaonyesha umri wake. Matundu yote yako mbele, umeme na kuingizia sauti vikiwemo, na ya sauti ni ya milimita 3.5, waya zinazagaa usoni pa kifaa. JDS Labs wenyewe mwaka 2018 walileta Atom kwa dola 99, matundu ya kuingizia yakiwa nyuma na tundu la hedifoni la milimita 6.35 likiwa mbele. Anayenunua kipya kwa ajili ya dawati ningempeleka kwenye kifaa chenye mpangilio kama huo. Anayepata O2 iliyotumika kwa bei nzuri, achukue bila hofu, lakini aitazame adapta. Zilizouzwa Marekani nyingi ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Dar es Salaam au 240 za Nairobi, transfoma yake inaungua. Na adapta zilizojaa madukani kwetu hutoa DC, ambayo italisha upande mmoja tu wa saketi. Maandishi ya kutafuta kwenye kibandiko ni kuingia volti 230 au 240, na kutoka kati ya volti 12 na 20 za AC.