Karata ya Boksi

Pakiti yetu ya karata kule Masinya ina kasoro moja, na kwa kasoro hiyo naipenda kuliko pakiti mpya yoyote. Tisa ya pau ilipotea miaka mingi iliyopita. Mjomba wangu akachukua boksi la sabuni, akakata kipande cha ukubwa ule ule, akaandika 9 kwa kalamu na kuchora ua la pau kando yake. Ukiitazama kwa mbele inafaa kabisa. Kwa nyuma ni rangi ya kahawia tupu, na anayeishika hajifichi: meza nzima inajua ana nini. Tunaiita Boksi. Mchezo wetu ni wa kuficha, na Boksi haifichiki, lakini mjomba ameshinda nayo mara nyingi kuliko mtu mwingine alivyoshinda na karata ya Joka.

Masinya iko Busia ya Uganda. Mwendo mfupi kutoka hapo ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Busia nyingine, ya Kenya. Wasamia wako pande zote mbili, shamba huku, shemeji kule. Karata nazo zimevuka hivyo hivyo, ila zimebadili jina njiani. Uganda tunacheza matatu. Mkenya mgeni akiambiwa "njoo tucheze matatu" huanza kutafuta gari. Kenya wanacheza kadi, wengine wanaiita poka, ingawa poka ya Wamarekani ni jambo jingine kabisa. Kwenye matatu kila mtu hugawiwa 7, kwenye kadi 4. Kule ukikaribia kumaliza sharti useme "niko kadi", na usiposema, ushindi wako haupo. Huku kuna kukata. Ndiyo maana swali la kwanza mezani, kabla hata karata hazijachanganywa, ni: "Ya huku au ya ng'ambo?" Nimeona marafiki wa miaka mingi wakinuniana kwa sababu hawakuulizana swali hilo.

Mimi ni mtu wa matatu, na sababu ni kule kukata. Baada ya kugawa, karata moja hufunuliwa. Ikiwa ni kopa, basi saba ya kopa ndiyo kisu. Mwenye kisu, zamu yake ikifika na meza ikiruhusu, yaani karata ya juu ikilingana nacho kwa rangi au kwa nambari, anaweza kukitupa na mchezo ukafa palepale. Kila mmoja anahesabu alichobakiwa nacho, na mwenye uzito mdogo ndiye mshindi. Nambari za kawaida zina uzito wa nambari zenyewe. Jeki ni 11, malkia 12, mfalme 13, Esi 15, mbili ni 20. Joka ni 50, na ole wako ukikatwa nayo mkononi.

Sasa tazama hapa. Mtu mwenye karata tatu, mbili, Esi na mfalme, amebeba 48. Mwenzake mwenye karata sita, tatu mbili, nne mbili, tano na sita, amebeba 25. Macho yanasema wa kwanza anakaribia kumaliza. Hesabu inasema akikatwa sasa hivi amekwisha. Nafasi iliyopo kati ya macho na hesabu ndiyo uwanja wa mchezo wenyewe. Anayejua kucheza huonekana mwepesi akiwa mzito, huonekana mzito akiwa mwepesi, na hafungui mdomo kusema uongo hata mara moja.

Chukua Esi. Ukiitupa unaagiza rangi unayotaka, na kila agizo ni habari. Mwanafunzi huagiza rangi aliyonayo nyingi, na kila mtu akasoma mkono wake. Fundi huagiza kopa akiwa na kopa moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na wewe unatumia zamu tatu ukiikwepa rangi ambayo yeye mwenyewe karibu hana. Wabadilishaji pesa wa mpakani wanaijua kazi hii. Ukiwa na shilingi za Kenya, hawakutajii bei kabla hawajakuuliza, taratibu, una ngapi. Anayetaja kwanza amefunua karata.

Lakini kuficha huku si ule ujanja wa pata potea, wa yule jamaa mwenye karata tatu na kimeza cha kukunjwa anayehama kila askari akitokea. Pale karata inaibwa kidoleni, na wanaoshangilia ni wenzake. Mezani kwetu sheria zimesemwa mbele ya wote, na rundo liko wazi. Ninaruhusiwa kukuficha mkono wangu na wewe unaruhusiwa kunificha wako, na ruhusa hiyo tumepeana tukicheka. Mimi naiona kuwa heshima kubwa. Ni rafiki tu unayeweza kumwambia: nidanganye kadiri unavyoweza, na kesho nitakuja tena.

Hata majina ya karata yana safari ndefu. Kopa, uru, shupaza, pau, na turufu wanayoijua watu wa pwani, yote ni maneno ya Wareno yaliyoshuka bandarini na kupanda bara. Mjomba aliyajua bila kuwahi kuiona bahari. Ujana wake alibeba watu kwa baiskeli kwenye nafasi iliyoachwa baina ya vituo viwili vya mpaka, wakati waendeshaji walipoita wateja kwa Kiingereza cha "mpaka hadi mpaka", mwito uliokuja kuwa boda boda. Kusubiri mteja ni kazi ya saa nyingi, na karata alijifunzia hapo, kwenye kivuli, kwa watu wa lugha tano waliosomana nyuso kwa sababu maneno hayakutosha.

Jioni moja ya mvua tulibaki wawili. Kisu kilikuwa saba ya kopa, na nilikuwa nacho. Kando yake nilishika mfalme, kumi ya pau na tatu ya uru. Juu ya meza kulikuwa na kumi ya kopa. Nikikata, nabaki na 26. Mjomba alikuwa na karata mbili, na moja ni Boksi, kwa hiyo 9 yake niliijua kwa hakika. Ya pili sikuijua. Alikuwa ametupa mfalme, ametupa malkia, tena upesi, kama mtu anayepunguza mzigo. Alishika Boksi mbele, akiisugua ukingo kwa kidole gumba, na macho yangu yalifuata kidole. Nikajiambia: amebakiwa na kitu chepesi, tatu au nne, nikikata najichinja.

Nikatupa kumi ya pau.

Hakutoa Boksi. Alitoa ile nyingine, mbili ya pau, na mbili humlazimisha anayefuata kuokota karata mbili. Alikuwa ameikalia tangu katikati ya mchezo, na mara moja aliokota kwenye rundo ilhali angeweza kuitupa. Tisa na ishirini ni 29. Ningekata, ningemshinda kwa tatu. Nikaokota mbili zangu, na kabla sijazipanga mkononi, akaiweka Boksi juu ya meza, polepole, kwa mbele, ile 9 yake ya kalamu ikinitazama.

Akaipangusa kwa ncha ya shati, akairudisha katikati ya pakiti, akanisogezea zote.

"Changanya, mjomba."