Maisha ya Tippu Tip: shahidi wa nini?

Kijana wa kwetu akiamua kuandika tarehe ya ukoo wake, awe Maskati au London, mara nyingi kitabu cha kwanza anachoelekezwa ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Anaelekezwa vyema. Habari nyingi za safari za bara katika karne ya 19 tumeachiwa na Wazungu waliopita njia. Hizi zimesemwa na mfanyabiashara mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Tatizo ni kwamba tunakifanya kitabu hiki shahidi wa kila jambo.

Kwanza tujue kilivyotufikia. Hamed aliandika uzeeni, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia maandishi hayo katika herufi za Kirumi, akayachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilitoka 1958 na 1959, na ya Kifaransa ya François Bontinck, yenye maelezo mengi, 1974. Basi anayenukuu Kiingereza amesimama mbali na kalamu ya mzee. Hata anayesoma Kiswahili kilichochapwa anasoma kwa jicho la Brode. Irabu za Kiarabu hazitenganishi e na i, wala o na u. Jina la kijiji cha Manyema lililoandikwa hivyo laweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Anayetafuta alikozikwa babu yake asitegemee tahajia ya kitabu peke yake. Atazame ramani, aulize na wenyeji.

Katika biashara, Hamed ni bingwa. Mali ya mkopo, matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, bei, pembe kwa frasila, njia na wapagazi: haya aliyaishi, na ni wachache waliotuachia habari zake kwa ukaribu huo. Miaka haikumshughulisha sana. Hapo wageni wanafaa, kwa kuwa waliandika shajara: Livingstone alikutana naye 1867, Cameron 1874, Stanley 1876. Lakini wageni nao wana mambo yao. Baada ya mkataba wa Februari 1887, uliomfanya Hamed kuwa liwali wa Stanley Falls, yeye na Stanley walikuja kulaumiana. Atakayemsoma mmoja tu atakuwa amesikia upande mmoja wa kesi.

Udhaifu mkubwa wa kitabu ni watu. Pembe zinahesabiwa, waliozibeba kwa kawaida hawatajwi. Mateka na watumwa wanapita katika kurasa zake, wala hatusikii neno lao. Hili si dogo kwetu. Katika nyumba zetu nyingi yuko bibi aliyetoka bara, ambaye jina lake la kwanza halijulikani tena. Kitabu hiki hakitamtafutia mjukuu jina hilo. Kosa ni letu tunapochukulia kuwa, kwa sababu Hamed hakusema, basi hapakuwa na la kusemwa.

Na juu ya nasaba, mzee mwenyewe ametupa somo. Anasimulia jinsi alivyopata habari za Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, ambaye ndugu zake wa kike walikuwa wametekwa zamani. Hamed akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao. Akaaminiwa, akakabidhiwa utawala na pembe pamoja nao. Sisi tunaotunza shajara za nasaba na kuzitundika ukutani tuirudie habari hii polepole. Nasaba nayo ni hati: ina aliyeitunga, wakati wake, na alichokitaka.

Ushauri wangu kwa kijana wetu ni huu. Anza na Kiswahili, weka kando yake maelezo ya Bontinck. Kila habari iulize: msemaji aliona au aliambiwa? Alikuwa akimwambia nani? Angepata nini kwa kuaminiwa? Kisha nenda kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, ukatafute hati za siku zile zile. Ukimkuta mwenye kujua, usimuulize ‘historia ya Waarabu’ kwa jumla. Mpelekee swali moja na hati mkononi.

Na kabla ya yote hayo, kaa na wazee wa nyumbani. Andika nani alikwambia, siku gani, na yeye alilisikia kwa nani. Waulize pia habari za wale ambao hawamo katika shajara. Pengine bibi mmoja tu ndiye aliyebaki anayekumbuka yule wa bara aliitwaje, na huyo hatungoji.