Chuma na Sauti: Filamu ya Transformers Mbele ya Watazamaji wa Karagwe na Kyerwa

Mjadala juu ya filamu za kigeni na malezi ya vijana wetu ni wa siku nyingi, na kwa kawaida huishia katika kambi mbili. Wapo wazee wasemao kwamba filamu hizo zaharibu watoto, na wapo vijana wanaojibu kwamba ni burudani tu. Kambi zote mbili zina upungufu mmoja: haziitazami filamu yenyewe. Mtu hawezi kuihukumu riwaya kwa jalada lake, wala utenzi kwa kuhesabu beti zake. Makala haya yanakusudia kuchukua filamu moja inayofahamika kwa vijana wengi, katika mabanda ya video ya Kayanga na Omurushaka kama katika yale ya Nkwenda na Murongo, yaani Transformers ya mwaka 2007, na kuihakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote ya sanaa: imetoka wapi, inasema nini, na inasemaje.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kazi hii haikuanza kama hadithi. Ilianza kama kichezeo cha watoto. Kampuni ya Takara ya Japani ilitengeneza vigari na vyombo vidogo vilivyoweza kukunjuliwa vikawa majitu ya chuma. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuviuza kwa jina la Transformers, ikavitafutia hadithi, na mwaka huo huo katuni ya mfululizo ikaonyeshwa katika televisheni. Katika hadithi hiyo mna makundi mawili ya maroboti kutoka sayari ya Cybertron: Autobots, ambao jemadari wao ni Optimus Prime ajigeuzaye lori, na Decepticons, ambao mkuu wao ni Megatron. Wanapigana hapa duniani, na binadamu wamo katikati yao.

Hadithi iliyotungwa ili kuuza bidhaa ingeweza kufa pamoja na bidhaa yenyewe. Hii haikufa, kwa sababu watoto waliipokea kwa moyo ambao wauzaji hawakuutarajia. Mwaka 1986 ilitolewa filamu ya katuni ambamo Optimus Prime anakufa, kwa kuwa wenye biashara walitaka vichezeo vipya vichukue nafasi ya vile vya zamani. Watoto wakalia katika majumba ya sinema, na mwaka 1987 jemadari huyo akafufuliwa katika katuni ya televisheni. Hapo pana jambo ambalo kila mtunzi hana budi kulijua: mhusika akishapendwa na hadhira, mtunzi hammiliki tena peke yake.

Sasa tujiulize: mwaka ule wa 1984 mtoto wa Karagwe alikuwa wapi? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Sisi tuliokuwa watoto wakati huo tulikuwa na redio, na katika Redio Tanzania Dar es Salaam tulisikiliza kipindi cha Mama na Mwana, tukawaona wanyama na majitu kwa masikio. Jioni tulikuwa na ngano za Kinyambo kando ya moto. Mchana tulikuwa na magari tuliyoyaunda wenyewe kwa waya, magurudumu yake yakiwa yamekatwa katika kandambili chakavu. Kwa hiyo mtoto wa Marekani alianza na kichezeo mkononi, akaenda kwenye katuni, na hatimaye akaifikia filamu akiwa mtu mzima mwenye kumbukumbu tamu. Kijana wa Karagwe alianza na filamu. Yeye hana kumbukumbu ya kumlainishia macho. Huona kile tu kilichomo katika kioo. Kwa sababu hiyo ushahidi wake wafaa kusikilizwa.

Filamu ya 2007 iliongozwa na Michael Bay. Kisa chake kina mwanzo mzuri. Kijana Sam Witwicky ananunuliwa gari kuukuu la rangi ya manjano, na gari hilo ni roboti Bumblebee aliyejificha. Kijana yeyote aliyewahi kutamani baiskeli au pikipiki yake ya kwanza ataelewa mara moja. Katika sehemu hii fani na maudhui vinakwenda pamoja: chombo cha kijana kinageuka kuwa rafiki yake.

Lakini filamu inapoendelea, ukubwa unaanza kuimeza hadithi. Mafundi wa kompyuta walimuunda Optimus Prime kwa vipande vinavyozidi 10,000, na vyote huzunguka kwa pamoja anapojigeuza. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo hupita haraka kiasi kwamba mtazamaji hajui mkono umetoka wapi wala gurudumu limekwenda wapi. Kichezeo cha 1984 kiligeuzwa kwa vidole vya mtoto, hatua kwa hatua, na mtoto alikifahamu kama mtengenezaji wa gari la waya anavyolifahamu gari lake. Katika mapigano ya mwisho mjini, vyuma hugongana na vyuma, na mara nyingi ni vigumu kutambua nani anampiga nani.

Dosari iliyo kubwa zaidi ni kwamba wenye hadithi wamefanywa wageni katika hadithi yao. Inapita karibu nusu ya filamu kabla Optimus Prime hajasimama mbele yetu na kusema. Mwenzao mmoja, Jazz, anauawa na Megatron kwa kuraruliwa vipande viwili, lakini msiba wake haumgusi mtazamaji. Tumlinganishe na Optimus Prime wa 1986, aliyeliliwa na watoto. Huyo wa kwanza alikuwa picha ya kuchorwa tu, na huyu wa pili anang'aa kama chuma halisi. Tofauti ni kwamba Optimus Prime alikuwa amezungumza na watoto kwa miaka miwili, na Jazz amepewa maneno machache tu. Hadhira humlilia yule iliyemsikia.

Watengenezaji wenyewe walilijua hilo kwa kiasi fulani. Walibadili sura za mashujaa na hata aina za magari, lakini sauti ya Optimus Prime waliiacha kwa Peter Cullen, yule yule aliyeitoa mwaka 1984. Watu waliokuwa watoto wakati ule walimtambua jemadari wao kwa masikio. Tena, mhusika anayependeza kupita wote katika filamu hii ni Bumblebee, ambaye koo lake limeharibika, naye husema kwa kuokota vipande vya nyimbo na matangazo ya redio. Bubu anayeazima sauti za watu ili aseme na rafiki yake anatugusa kuliko majengo yote yanayobomolewa.

Hapa ndipo banda la video linapoingia katika uhakiki wetu. Katika mabanda hayo, ambayo vijana huyaita vibanda umiza, filamu nyingi za kigeni hutazamwa zikiwa zimewekewa sauti ya msimulizi. Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Uganda, wamevuma wasimulizi wa Kiganda kama VJ Jingo. Msimulizi wa namna hii hatafsiri neno kwa neno. Humtaja kila mhusika kwa jina, hueleza nia yake, humpa methali, humkejeli adui. Wataalamu wanaweza kulalamika kwamba anaongeza yasiyokuwamo, na mara nyingine ni kweli: mzaha huzidi, na maana ya mwandishi hupotea. Pamoja na hayo, katika filamu ya aina hii msimulizi hurudisha kile ambacho filamu imekinyima chuma, yaani kauli. Jitu lililopita kioo likiwa kelele tupu, kwake huwa mtu mwenye ukoo na sababu.

Jambo hili si geni katika nchi ya Karagwe. Huko Bweranyange, yalikokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Bahinda, palihifadhiwa vitu vya kifalme vya chuma, wakiwamo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu. Mapokeo yanauhusisha uhunzi huo na Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika. Stanley alipomtembelea Rumanyika mwaka 1876 aliona katika nyumba ya hazina mifano ya ndege na ng'ombe iliyofuliwa kwa shaba. Mgeni aliona vyuma vya ajabu. Mwenyeji aliona enzi, kwa kuwa alijua masimulizi yake. Leo masimulizi hayo yakikoma, ng'ombe wale watabaki kuwa chuma chakavu, hata wakiwekwa katika kabati la kioo.

Mwaka 2018 ilitolewa filamu nyingine ya mfululizo huu, Bumblebee, iliyoongozwa na Travis Knight. Hii ina maroboti wachache, maumbo yao ni mepesi kufuatwa kwa jicho, na muda mrefu unatumika kuonyesha msichana Charlie akimfundisha roboti bubu kusema kwa redio. Kwa maoni yangu hii ni kazi bora kuliko ile ya 2007. Inathibitisha kwamba kosa halikuwa katika chuma wala katika kompyuta. Lilikuwa katika kusahau kwamba hadithi ya watoto husimama juu ya mazungumzo.

Somo hili latuhusu sana. Nchi ya Kagera ina tendi za enanga, kama zile za Rukiza na Kachwenyanja, ambazo Profesa M. M. Mulokozi amezitafiti kwa bidii. Habibu Selemani, mmoja wa magwiji wa mwisho wa enanga, alifariki mwaka 1993. Siku moja vijana wetu watazitengeneza tendi hizo kuwa filamu. Wakianza kwa kutafuta mashine za kubomolea miji, watapata kelele. Wakianza kwa sauti ya msimulizi, hata vyombo vyao vikiwa hafifu, watapata hadhira.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuianza kazi hii darasani bila gharama kubwa. Wanafunzi waonyeshwe tukio moja la filamu sauti ikiwa imezimwa, kila mmoja alisimulie kwa Kiswahili chake, kisha walinganishe nani amewapa wahusika uhai na kwa maneno gani. Baada ya hapo wapewe kisa cha Rumanyika, ambacho Speke alikisikia huko Karagwe mwaka 1861: jinsi ngoma ndogo ilivyowekwa mbele ya wana wa mfalme aliyefariki, wenzake wakashindwa kuinyanyua, naye akainyanyua kwa kidole. Waulizwe wangeanza na picha gani, na ni nani angesema neno la kwanza.