Kicheko cha Columbus na mto wetu

Tulikaa pamoja tukatazama Carry On Columbus, filme ya mwaka 1992. Ni ya 31 na ya mwisho katika vichekesho vya Waingereza vilivyoanza 1958, zote zikiongozwa na Gerald Thomas. Ni kicheko cha watu wazima: mafumbo ya mwili, kama yale ambayo wazee wetu husema watoto wakiisha kulala.

Kwao waliikemea sana. Siye tunaipa sifa moja. Katika filme yao ya mwaka 1970 walitengeneza pori la Afrika ndani ya studio, na wenyeji wakaonyeshwa kama wala watu. Safari hii mwenyeji ndiye mjanja: anampa Columbus dhahabu ya uongo, mgeni anaondoka nayo.

Lakini kasoro iko. Mwenyeji huyo anasema kama mtu wa New York. Lugha yake mwenyewe haisikiki.

Hapa Yanonge jambo hilo linatugusa. Mwaka 1877 Stanley alishuka mto huu huu. Penye mdomo wa Aruwimi watu walimtokea na mitumbwi, naye akajibu kwa bunduki. Yeye aliandika kitabu. Lokole zilizolia mbele yake, maneno yake nani aliandika?

Basi, kila familia imuulize mzee wake alichosikia juu ya wazungu wa kwanza, na vichekesho pia, iandike kwa Kilokele na Kiswahili. Mzee akienda, kicheko chake kinaenda naye.